Ombi la Kuthibitishwa Kazini kwa Cheo cha Majeruhi

Chumba cha Kufulia,
Nyuma ya Wodi ya Wanawake.

Kwa Mratibu wa Mafunzo ya Lazima ya Usalama,
Ofisi iliyo mkabala na ngazi.

(Ambaye pia ni Shangazi yangu, lakini si saa za kazi.)

Ndugu Mratibu,

YAH: KUOMBA NIAJIRIWE MOJA KWA MOJA NIKIWA MAJERUHI

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, ingawa asubuhi nilikuona mzima kwa macho yangu, tulipokuwa tunagombania bafu. Nimeandika badala ya kukuambia kwa sababu wewe mwenyewe ulinikatiza mezani, kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni, ukasema, "Mwanangu, hapa mimi ni shangazi yako. Mambo ya kazini yapitie njia ya kazini." Nilikubali. Kesho yake nikaja kazini mpaka mlangoni pako, nikasikia unaongea na simu, nikaondoka. Siku nyingine nikaja tena, hukuwa unaongea na mtu yeyote, nikaondoka vilevile.

Unanijua. Sauti yangu haivuki meza. Nilipomaliza shule, mwalimu wa darasa aliandika kwenye ripoti kwamba mimi ni "mtulivu sana", na Baba akasema hiyo ni njia ya heshima ya mwalimu kusema hamkumbuki mtoto.

Sasa niseme jambo lenyewe. Tangazo lililobandikwa ubaoni linasema kwamba mfanyakazi wa muda ambaye hatakuwa amemaliza mafunzo ya lazima ya usalama ifikapo mwisho wa mwezi hatathibitishwa kazini. Chini ya tangazo kuna orodha ya wasiofunzwa. Ina jina moja, nalo ni langu. Nikiondolewa hapa nitarudi kwa Baba, ambaye ameshawatangazia majirani wote kwamba binti yake ni mtu wa hospitali. Hakuwaambia ni mtu wa kufua mashuka, lakini hilo ni lake na majirani zake.

Nilipoiona orodha ile nilidhani ni kosa la mpiga chapa, kwa maana mafunzo yote nilikuwepo. Tena sikuwepo kwa kujificha nyuma ya nguzo kama watu wa maabara. Nilikuwa katikati ya ukumbi, sakafuni, na ninyi nyote mmenizunguka.

Naomba nieleze malalamiko yangu kwa namba, kwa kuwa Mkufunzi alitufundisha kwamba lalamiko lisilo na namba ni umbea.

1. Kuhusu nilivyoipata kazi ya kuanguka.

Siku ya mafunzo ya kwanza, yaliyohusu kumwinua mgonjwa bila kuumiza mgongo, Mkufunzi uliyemwalika kutoka nje aliomba mtu wa kujitolea awe mgonjwa. Namzungumzia huyu ambaye watu wa jikoni wamempa jina la Bwana Tahadhari, kwa sababu hawezi kuomba hata maji ya kunywa bila kutanguliza neno hilo. Ukumbi mzima ukainamisha vichwa kutazama viatu. Na mimi nilitazama viatu vyangu, lakini nilikuwa mstari wa mbele, kwa kuwa nilifika mapema na sikujua kwamba wazoefu hukaa nyuma.

"Wewe binti," akasema, "unaonekana mwepesi."

Mama Mashuka, ambaye ndiye mkubwa wangu kule kufulia, akanisukuma kwa kiwiko. "Nenda, mwanangu. Kazi ya kulala nani anaikataa?"

Kukataa kunahitaji sauti. Nikaenda, nikalala. Yule muuguzi mwenye mabega mapana ambaye wodi nzima inamwita Kifaru akaniinua kama kapu la nguo kavu, akawageukia wenzake. "Huyu safi kabisa," akasema. "Mwepesi, halafu halalamiki."

Tangu hapo sikuulizwa tena. Mafunzo ya moto, mimi ndiye niliyevuta moshi. Mafunzo ya kuvuja damu, mimi ndiye niliyevuja. Mafunzo ya wajawazito, nilifungwa mto tumboni, na mlinzi wa lango akanipongeza kwa dhati, na hadi leo ananiuliza mtoto anaendeleaje. Katika mafunzo ya kunawa mikono, ambayo kwa haki hayana majeruhi, nilifanywa kijidudu. Nilipakwa unga wa chaki ya buluu, na kila aliyenigusa alihesabiwa ameambukizwa. Watu walinikwepa mpaka saa ya kutoka, na wengine hawajaacha.

2. Kuhusu karatasi ya mahudhurio.

Karatasi hupitishwa mwishoni, wakati mimi niko kwenye machela. Mara ya kwanza nilinyanyua mkono kuomba kalamu. Bwana Tahadhari akapiga kofi. "Tahadhari! Majeruhi amezirai. Mtu aliyezirai hasaini." Watu wakacheka, na karatasi ikapita juu ya pua yangu kutoka kwa mfamasia kwenda kwa Kifaru. Niliiona upande wa chini, ambao hauna kitu.

Mara nyingine nilivumilia mpaka nikateremshwa, nikajifuta vumbi, nikaitafuta. Ilikuwa imeshaingia kwenye faili, faili limeshaingia kabatini, na kabati limefungwa ili mahudhurio yasipotee. Ulinitazama juu ya miwani ukasema, "Asiyekuwepo na lake halipo." Sikukujibu kitu. Lakini kwa kuwa sasa naandika, naomba kujibu: nilikuwepo, Ndugu Mratibu. Kama kuna mtu aliyekuwepo zaidi yangu basi ni sakafu.

3. Kuhusu amri kwamba majeruhi hasemi.

Tulipofanya zoezi la kushusha mgonjwa kwa ngazi, Kifaru aliteleza kwenye ngazi ya mwisho na kichwa changu kikagonga ukingo. Nikasema, "Aa." Ni hilo tu. Bwana Tahadhari akasimamisha zoezi. "Nani amesema?" Timu nzima ikakatwa alama, ikabidi wote warudie kuanzia juu, na njia nzima walinitazama kama mtu aliyekojolea kisima. "Dada, jikaze kidogo," mfamasia akaninong'oneza, "wengine tuna watoto wa kuwachukua shule."

Nilijikaza. Tangu siku hiyo sijatoa hata pumzi ya kusikika. Mama Mashuka ananitania kila asubuhi tukikunja mashuka kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa upande wangu, mshindo pekee niliousikia ni ule wa ngazini.

4. Kuhusu chai.

Wanaofunzwa hupewa chai na mkate. Majeruhi hapewi kitu kwa mdomo.

5. Kuhusu mambo yanayoonekana ukiwa umelala.

Mtu aliyebebwa chali huyaona majengo kwa namna yake. Nimeijua dari ya hospitali yetu kuliko fundi aliyeipaka rangi. Nimeona kwamba kibao cha kuonyesha mlango wa dharura kimefunikwa na bango kubwa linalowahimiza wafanyakazi kuvijua vibao vya milango ya dharura. Nimeona kwamba mlango wenyewe una kufuli. Ufunguo wake uko ofisini kwako, ndani ya bahasha iliyoandikwa DHARURA, na bahasha iko ndani ya droo ambayo nayo ina ufunguo, na huo unauvaa shingoni. Mitungi ya kuzimia moto imefungiwa stoo ili wakaguzi wakija waikute imejaa. Mahali pa kukusanyikia pamechorwa alama nzuri nyeupe, na juu ya alama hiyo Mganga Mkuu huegesha gari lake, kwa hiyo tunakusanyika kulizunguka gari, na mimi hulazwa nyuma, kwenye bomba la moshi.

Sisemi haya kwa ubaya. Nasema tu kwamba hakuna mwingine atakayekuambia, kwa kuwa mwingine yeyote akipita pale amesimama, na ukisimama unamtazama Bwana Tahadhari na ubao wake wa alama.

Katika kubebwa huko tunapita wodi ya wanawake, na kwenye kitanda cha dirishani amelazwa bibi aliyevunjika nyonga. Kila nikipitishwa ananyoosha mkono ananigusa mguu, kisha anamuuliza Kifaru, "Na mimi lini?"

"Bibi," Kifaru humjibu bila kusimama, "wewe ni mgonjwa wa kweli. Subiri kidogo."

6. Kuhusu hesabu isiyokaa sawa.

Hapa ndipo naomba unisikilize kwa makini, maana nimeliwaza sana hili nikianika. Watu wote wa hospitali hii wana vyeti vya kuokoa majeruhi. Vyeti vimewekwa fremu, cha Kifaru kiko sebuleni kwake na mkewe anakipangusa. Sasa, kama kwa mujibu wa karatasi mimi sikuwepo, waliokoa nani? Walimbeba nani ngazini? Na nani aliyevuja damu mpaka Mama Mashuka akalalamika kwamba rangi haitoki?

Ama nilikuwepo, na nimefunzwa. Ama sikuwepo, na wao walizunguka hospitali nzima wamebeba machela tupu, wakimpa pole mtu ambaye hayupo, na hapo orodha ya ubaoni itabidi iandikwe upya iwe na majina ya wote, likiwemo la Mratibu. Sitaki tufike huko. Wewe ni damu yangu, na kila jioni nakula kwako.

7. Kuhusu mtihani wa sauti.

Uliniambia kwamba bado ninayo nafasi moja, nifanye mtihani wa mwisho peke yangu, ambao ni kusimama mbele ya ukumbi na kuita "Moto!" Bwana Tahadhari akiwa nyuma kabisa. Akisikia, anainua kidole gumba. Nashukuru kwa nafasi hiyo. Nimefanya mazoezi uani, katikati ya mashuka yaliyoanikwa, mahali ambapo hakuna anayeniona. Niliita. Mama Mashuka alikuwa upande wa pili wa shuka hilohilo, akaniuliza kama nina kwikwi.

Siwezi, Ndugu Mratibu. Si ukaidi. Neno linafika hapa kooni, linatazama nje, linaona watu, linarudi.

KWA HIYO NAOMBA YAFUATAYO:

Naomba nithibitishwe kazini kwa cheo cha Majeruhi wa Kudumu. Sifa zote ninazo. Ni mwepesi, silalamiki, na nimeshazirai, kuungua, kujifungua na kuambukiza bila kukosa hata siku moja ya kazi. Katika muda uliobaki nitaendelea kukunja mashuka.

Naomba cheo hicho kisidai sauti ya aina yoyote, kwa kuwa utaratibu wenu wenyewe unakataza majeruhi kusema.

Naomba pia nipate haki za mgonjwa. Baba aruhusiwe kuja kunitazama saa za kutazama wagonjwa, na kila baada ya zoezi nipewe barua ya kuruhusiwa, kwa sababu mpaka leo nimeingizwa mara nyingi na sijatolewa hata mara moja. Kisheria bado niko wodini.

Aidha, nashauri kwa heshima kwamba wagonjwa wa kweli wasihusishwe kabisa na shughuli za uokoaji. Nimewachunguza. Ni wazito, wanaugulia, wanauliza ndala zao ziko wapi, na wengine wana mipira ya dripu ambayo haimo kwenye slaidi za Bwana Tahadhari. Wataziharibu alama zetu. Kama ni lazima waokolewe, basi wapewe mafunzo kwanza, ikiwezekana kabla ya kuugua, na asiyekuwa na cheti aambiwe akaugulie kwao mpaka akipate.

Mwisho, na hili ndilo ombi langu kubwa, naomba iandikwe rasmi kwamba ikitokea hatari ya kweli, wa kuokolewa niwe mimi. Timu nzima imenizoea. Kifaru anajua ninavyoshikwa, mfamasia anajua kichwa changu kiko upande gani. Mkimwinua mtu mwingine mtaanza kubishana. Mkiniinua mimi, hospitali itapata alama kamili, wakaguzi watafurahi, na hakuna atakayeweza kusema kwamba siku ya hatari hamkuokoa mtu.

Nitashukuru kwa majibu yako kabla ya mwisho wa mwezi. Unaweza kuyaweka chini ya mlango wa chumba changu, maana nalala karibu na chako.

Nisalimie wote ofisini. Msalimie Kifaru na mgongo wake. Msalimie mfamasia na watoto wake wanaongojewa shuleni. Msalimie Bwana Tahadhari, mwambie chaki ya buluu imeshatoka isipokuwa masikioni. Na ukifika nyumbani nisalimie Shangazi, mwambie nguo nimeshaanua na ufunguo wa jikoni nimeuweka palepale.

Ni mimi ninayekuheshimu nikiwa nimesimama na nikiwa nimelala,

Mhudumu wa muda,
Chumba cha Kufulia.

TANBIHI. Ndugu Mratibu, barua hii ilikuwa iende kwenye sanduku la maoni, lakini nilipofika nilikuta limebanduliwa ukutani, kwa kuwa ukaguzi wa usalama ulisema pembe yake inaweza kumpasua mtu kichwa. Nikaitia barua kwenye mfuko wa aproni mpaka nitakapopata ushauri. Ndiyo sababu ina harufu ya moshi, na ndiyo sababu sasa naomba uisome halafu uisahau.

Jana Mama Mashuka alikuwa anapiga pasi vitambaa vya chumba cha upasuaji. Akaja mjumbe kutoka ukumbini kusema Mratibu anafunga karatasi ya mafunzo ya moto, aje asaini mara moja tu kisha arudi. "Nakuja sasa hivi," Mama Mashuka akasema. Hakumwambia mjumbe, aliiambia pasi, akailaza kifudifudi, akaenda. Mimi nilikuwa uani naanika.

Nilipogeuka, moshi ulikuwa umeshajaa kufulia na unapenya chini ya mlango kwenda wodi ya wanawake. Niliingia wodini kwa kile kilango chembamba cha uani, kisichopitisha machela. Nilifungua mdomo kuita, ukatoka upepo. Basi nikaenda moja kwa moja kitanda cha dirishani, nikamshika bibi kwapani. Alikuwa anakohoa huku anashangilia. "Leo zoezi lenu mmelitia moshi wa kweli," akasema. "Mmeendelea!"

Ndipo mlango ukafunguliwa kwa kishindo, wakaingia Kifaru, mfamasia na wengine, na machela. Lazima niseme ukweli, Ndugu Mratibu: ilipendeza. Walikimbia kwa mstari kama slaidi inavyotaka. Walikipita kitanda cha kwanza. Wakampita mama mwenye dripu, ambaye alikuwa amenyoosha mikono yote miwili. Wakawapita wote, wakafika kwangu.

"Majeruhi huyu hapa!" Kifaru akapaza sauti. "Moja, mbili, tatu!"

Na nikawa juu. Sijawahi kubebwa vizuri namna ile. Shingo imeshikwa, miguu imenyooka, hata aproni walinifunika. Yote niliyoyaomba katika barua hii nilikuwa nimepewa kabla hujaisoma. Nikatazama pembeni nikaona bibi amebaki kitandani, mkono wake bado umeshika mguu wangu, na hakuwa anashangilia tena. Akauliza polepole, "Na mimi lini?"

Sijui sauti ile ilikuwa imewekwa wapi miaka yote hii. "Niwekeni chini! Kifaru, niweke chini, mimi si mgonjwa! Bibi huyo hapo! Moto! Ni moto wa kweli!"

Kifaru aliniachia kwa mshtuko, nikaanguka kwa makalio. Bwana Tahadhari alikuwa mlangoni na ubao wake. "Tahadhari! Majeruhi anaongea!" akasema, na akaanza kuandika. Hapo ndipo nilipomwambia neno ambalo naomba radhi kwalo kwa maandishi: "Na wewe baba, tupa huo ubao, shika kitanda!" Alishika. Nadhani hata yeye alishangaa.

Kisha nikakuona wewe nyuma yake. Nakumbuka ulikuwa unasema kila mtu atulie na afuate utaratibu. Nikaita mbele ya watu wote, saa za kazi, "Shangazi! Ufunguo!" Ukaondoka mbio. Nimekaa nyumbani kwako tangu nimalize shule na sikujua unaweza kukimbia. Ulirudi huna kiatu kimoja, kamba ya ufunguo umeivuta ikakukwaruza shingo, na mlango wa dharura ukafunguka kwa mlio kama wa mtu anayeamshwa.

Moto wenyewe Mama Mashuka aliuzima kwa beseni la maji ya kusuuzia na mashuka mabichi, huku akilia na kuitukana pasi. Hakuna aliyeungua. Wagonjwa wote wametoka. Tumepoteza vitambaa, meza ya kupigia pasi, na lile bango la kuhimiza vibao, ambalo lilipoanguka kibao cha mlango kikaonekana vizuri sana.

Kwa hiyo naondoa ombi langu. Majeruhi aliyesema hafai tena kwa cheo hicho, na wa kuokolewa wa kwanza asiwe mimi. Shauri langu kuhusu wagonjwa wa kweli pia nalifuta. Ni wazito kama nilivyoandika, na yule mama wa dripu aliuliza ndala zake kweli, lakini wanabebeka.

Limebaki jambo moja. Nasikia Bwana Tahadhari amekuletea taarifa kwamba zoezi la jana ni batili, na kwamba orodha ya ubaoni inabaki kama ilivyo, kwa kuwa karatasi ilipitishwa pale kwenye gari la Mganga Mkuu na mimi sikusaini. Penye nafasi ya Chumba cha Kufulia kuna alama ya kidole gumba. Hiyo ni ya bibi wa dirishani. Alidhani ni karatasi ya kupewa uji. Ninavyoelewa utaratibu, sasa yeye ndiye aliyefunzwa, na jina lake limeshapangiwa zamu ya Jumatatu.

Ni kweli sikusaini, Shangazi. Karatasi ilianza kupitishwa kabla watu hawajaisha wodini. Ilipofika zamu yangu ndiyo kwanza nilikuwa nateremka ngazi za mlango wa dharura na yule mama wa dripu, mikono yangu yote miwili imeshika machela, upande wa kichwani. Tulipofika ngazi ya mwisho nilimwambia Kifaru, "Polepole hapo," akanisikia, na hatukumgonga.